Dubu Anayekwenda Zake

Podlipje, 14 Februari 1971

Kaka Lovro,

Pokea salamu za nyumbani, za sisi wazima na za wale walio kilimani nyuma ya kanisa. Mimi sijambo. Ng'ombe amezaa ndama jike, theluji imepanda hadi dirishani, na paa la banda la nyuki limevumilia. Tone wa jirani anakusalimu. Anauliza kama huko Stuttgart bia bado ipo au umeshaimaliza.

Shada lako la maua lilifika Baba akiwa ameshazikwa. Nililipeleka kaburini hivyo hivyo. Padri aliona ule utepe wa maandishi ya Kijerumani akaniomba nimtafsirie, na mimi nikamwambia umeandikwa "Nipo njiani". Kama nimekosea utanisahihisha.

Sasa jambo lenyewe. Miaka kumi na moja ni mingi, kwa hiyo nakukumbusha kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Mwenye nyuki akifariki, mtu wa nyumba hugonga kila mzinga kwa ufunguo wa mlango mkubwa, akawaambia nyuki nani amefariki na nani sasa ndiye mwenye nyumba. Wasipoambiwa hununa, na wakinuna wanakwisha. Kisha mwenye nyumba mpya huchora mnyama wake kwa mkono wake, kwenye ubao wa uso wa mzinga wa kwanza, na kuupigilia mwenyewe. Babu alichora fahali. Baba alichora jogoo, na sote tunajua kwa nini.

Nilitaka kugonga siku ile ile. Lakini Baba, miezi miwili kabla hajakata roho, alinishika mkono akasema, "Msubiri Lovro. Nyuki waambiwe na Lovro." Mara mbili alisema. Basi ufunguo nimeutundika msumarini, nasubiri. Nyuki bado wamejikunyata kwa baridi. Jua la Machi likiwatoa, watatoka kumtafuta mtu.

Njoo, Kaka. Na kama huji, niandikie mstari mmoja tu: "Jerneja, wewe ndiye." Nitagonga mwenyewe.

Dada yako,
Jerneja


Stuttgart, 7 Machi 1971

Mdogo wangu Jerneja,

Salamu tele. Mimi mzima, ila mgongo unalalamika kuliko mkwe. Mwambie Tone bia ipo, nimemwachia kidogo. Huku mvua tu, na msimamizi wetu ni mtu wa kuhesabu hata mara unazokwenda chooni. Likizo nimeomba, nimeambiwa ningoje zamu yangu. Usidhani sikulia nilipopata ile simu ya maandishi. Nililia ndani ya kabati la nguo za kazi, huku mlango nimeuvuta.

Ule utepe ulisema "Kwa heshima". Tafsiri yako ni bora zaidi.

Kuhusu nyuki, usiwe na wasiwasi. Mimi ndiye mtoto wa kiume na ubao nitauchora, tena si wa mchezo. Nimeshamchagua mnyama wangu. Ni dubu. Unakumbuka Baba alivyonifundisha kushika penseli pale mezani, wewe ukisaga rangi? Alisema nina mkono. Nimeanza mazoezi, na huu hapa mchoro wa kwanza, nimeuiga kutoka kwenye kopo la biskuti. Nautaka ubao ambao Tone akiuona atavua kofia.

Ngoja kidogo tu. Nyuki hawatakufa kwa kusubiri wiki chache.

Kaka yako,
Lovro


Podlipje, 20 Machi 1971

Kaka Lovro,

Habari za mgongo? Za hapa ni nzuri na mbaya. Theluji inayeyuka, barabara ni tope hadi goti. Jana Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu nilioka mkate wa kukunja wenye kokwa za jozi, nikala peke yangu nusu, nusu nikampelekea Tone ambaye alisema Mama alikuwa akiweka jozi nyingi zaidi. Mtu mzee hajui kushukuru.

Umeandika kwamba nyuki hawata*kufa*. Nililisoma neno lile mara mbili, nikatoka nje kupata hewa. Umesahau hata lugha ya nyumba hii? Mbuzi hufa. Kuku hufa. Ng'ombe akianguka peke yake shambani amekufa kibudu. Nyuki *hufariki*, kama mtu, na ungelisema hilo lako mbele ya Baba angekuzaba kibao ukiwa na ndevu zako. Labda huko mnasema vyovyote vile.

Jana walitoka kwa mara ya kwanza. Mzinga wa nne haukutoa mtu. Niliweka sikio nikasikia kimya. Tone anasema ni tumbo la kuhara, huwa linawapata baada ya baridi ndefu. Inawezekana.

Kuhusu dubu wako. Ana sura ya mkata tiketi wa treni. Tena umempa miguu ya nyuma ya mbwa, ile yenye kiwiko hewani. Dubu hukanyaga kwa wayo wote, kisigino chini, kama wewe ukitoka kuoga. Yule aliyeingia kwenye mitufaha yetu miaka mitatu iliyopita aliacha nyayo kwenye tope, nikadhani ni mtu aliyepoteza viatu. Na unajua vizuri kwamba mimi sikusaga rangi kwa kupenda. Baba alisema mkono wa mwanamke ukichora ubao, malkia atazaa madume matupu. Kwa hiyo wewe ulipewa penseli, mimi nikapewa udongo mwekundu na mafuta ya kitani. Lakini macho hakunifunga.

Sijaona mstari niliokuomba. Pengine ulianguka njiani.

Jerneja


Stuttgart, 25 Aprili 1971

Mdogo wangu Jerneja,

Heri ya Pasaka iliyopita. Je, ulipeleka kikapu kanisani kubarikiwa? Mimi nilikula yai moja na chumvi, nikakumbuka nyama ya moshi ya nyumbani hadi machozi.

Hawata*fariki*. Haya, nimetubu. Ulimi unaota kutu ukikosa wa kuzungumza naye.

Umenichapa, na kipigo chako kimenisaidia. Kopo la biskuti nimelitupa. Sasa kila Jumapili nakwenda bustani ya wanyama na kitabu cha kuchorea. Dubu yupo mmoja, wa kahawia, mzee. Mwanzoni sikuweza kitu, kwa sababu hatulii. Anatoka ukutani, anakwenda mpaka kwenye gogo, anatupa kichwa kushoto, anageuka, anarudi ukutani. Kutwa nzima. Sakafu imeshalika pale anapogeukia. Penseli yangu ikifika begani, yeye ameshatoa makalio.

Halafu nikagundua kitu. Kwa vile kila mara anarudi kwenye kona ile ile na kukitupa kichwa vile vile, sina haja ya kumkimbiza. Namsubiri pale. Akifika nachora mstari mmoja wa shingo, akiondoka nasubiri. Akirudi nachora mstari wa pili. Naanza na mviringo wa kifua na mviringo wa makalio, naiunganisha kwa mgongo, miguu naiacha mwisho. Jumapili moja nilichora shingo peke yake kurasa nzima, watu wakinichungulia. Jumapili nyingine kisigino tu. Nimekuwa mwanafunzi uzeeni.

Nakutumia mitatu iliyo bora. Sema kweli, usinihurumie.

Mzinga wa nne umenisikitisha. Waambie wengine nakuja.

Lovro


Podlipje, 9 Mei 1971

Kaka Lovro,

Mitufaha imechanua yote kwa pamoja, hata mnung'unikaji Tone amesimama chini yake akanyamaza. Ndama ananawiri. Nilikwenda mjini kwa meno, nikang'olewa mawili, kwa hiyo barua hii inaandikwa upande mmoja wa mdomo.

Nyuki hawaambiwi "anakuja". Huambiwa mtu akiwapo. Mzinga wa pili nao wamefariki wote, wamelala chini kama mbegu zilizomwagika. Niliwafagia kwa bawa la bata.

Michoro nimeitazama mezani, kwenye mwanga. Kisigino sasa ni kisigino. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini shingo yako inanikera, na nimekaa nayo siku kadhaa kabla sijajua ni kwa nini. Dubu wa msituni hatupi kichwa vile. Yeye hukiinamisha, ananusa, anakwenda alikokusudia. Huyu wako ana shingo ya mtu anayengoja basi lisilokuja. Unachora kifungo, Kaka, halafu unataka kukipigilia kwenye mzinga wangu. Nimesema wangu. Nisamehe. Wetu.

Jambo jingine. Mchoro wa tatu niligeuza nyuma nione kama umeandika lolote. Kuna dubu mwingine pale, wa kalamu ya nta, rangi ya zambarau. Ana miguu mitano na anacheka. Huyo ni nani aliyemchora?

Jerneja


Stuttgart, 27 Juni 1971

Mdogo wangu Jerneja,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi, kisha niliumia kidole, kisha basi tu. Meno yako vipi? Mwambie Tone nimemwona dubu akipiga miayo, nikamkumbuka yeye akiwa misani.

Yule wa miguu mitano amechorwa na mtoto wa mwenye nyumba ninamopanga. Hupenda kucheza na karatasi zangu.

Sasa sikiliza habari kubwa. Nimempata! Jumapili iliyopita palikuwa na joto, na dubu kwa mara ya kwanza aliacha kutembea. Alikaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha, mikono miwili juu ya tumbo. Jerneja, alikuwa Baba. Baba mtupu, Jumapili baada ya mchana, amekwishakula, amefungua kifungo cha suruali na anatutazama kama tunamdai. Hata mdomo wa chini ulining'inia vile. Nikaanza kuchora. Mtoto akanivuta koti, "Papa, huyo dubu amechoka," nami nikamwambia nyamaza, mwache akae, mwache akae hivyo hivyo. Nilichora mpaka walipofunga lango.

Huyo ndiye atakayekaa kwenye ubao. Si wa kopo wala si wa kifungo. Nimekutumia rasimu yake, nimeifunga ndani ya karatasi mbovu isikunjike.

Unaniomba ule mstari mmoja. Nimekaa kuuandika mara nyingi kuliko unavyodhani. Lakini nikiuandika nitabaki na nini? Hapa mimi ni namba kwenye kadi ya kiwandani. Jina langu hawawezi hata kulitamka. Huko angalau papo mahali ambapo nyuki wananijua. Usininyang'anye hapo.

Wako,
Lovro


Podlipje, 11 Julai 1971

Lovro,

Wote wazima. Nyasi tumeshakata.

Mtoto wa mwenye nyumba wako anakuita Papa. Hongera kwa kupata mwenye nyumba mkarimu kiasi hicho.

Dubu aliyekaa ni mzuri. Ni Baba kweli. Nilipomfungua nilisema kwa sauti, "Baba, funga kifungo," nikacheka peke yangu jikoni, halafu nikakasirika. Wewe unaye Baba wa Jumapili. Uliondoka naye akiwa ameshiba. Nikueleze wangu? Miezi minne ya mwisho hakukaa. Alilala, nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha supu kwa kijiko kidogo cha kahawa. Na wiki zile za mwisho macho yalipomwishia, kila nilipoingia aliniita, "Lovro? Ni wewe, Lovro?" Mwanzoni nilisema, "Hapana Baba, ni Jerneja," akageukia ukutani, hakula. Kwa hiyo siku iliyofuata nikajibu, "Naam, Baba." Akala. Basi nikawa Lovro asubuhi, Lovro mchana, Lovro jioni. Alimsifu sana Lovro. Alisema ana mikono laini kwa mtu wa kiwandani. Aliyefumba macho ya Baba ni Lovro, na mimi Jerneja, Baba aliyenipa jina hilo mwenyewe kisimani pa ubatizo hakuniulizia hata siku moja niko wapi.

Unasema nyuki wanakujua. Nyuki wa kiangazi hamalizi miezi miwili. Wale waliokujua walifariki kiangazi kile kile ulichoondoka, na watoto wao, na watoto wa watoto wao. Fuata nyuki ule asali, husema watu. Wewe uliifuata asali, ukawaacha nyuki.

Juu yao usiniulize tena.

Jerneja


Stuttgart, 10 Oktoba 1971

Mdogo wangu mpendwa Jerneja,

Barua yako niliisoma nikaificha, nikaisoma tena, nikaificha tena. Ndiyo sababu kiangazi kimepita bila neno. Hayo ya Baba sikuyajua. Ningelijua, ningelikuja. Hapana, sijui kama ningelikuja. Juu ya mtoto tutazungumza ana kwa ana, si mambo ya karatasi. Ana miaka minne. Basi, nimesema.

Habari za watu wa nyumbani? Mavuno ya tufaha? Tone ameniandikia kwamba nyuki wamefanya vizuri ajabu, kwamba bumba jipya lilitoka mwishoni mwa Julai likatua kwenye mti wa pea na wewe ukalichukua kwa mikono mitupu kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Nimefurahi mno. Ina maana walingoja. Je, uliwaambia kitu? Tone hasemi.

Ubao umekamilika! Nimeutuma kwa posta leo. Dubu amekaa, mikono tumboni, nyuma yake mlima wetu. Rangi nimechanganya mwenyewe kwa mafuta ya kitani kama ulivyokuwa ukifanya, na nikajua sasa kwa nini ulikuwa unaumwa bega. Niliurudia uso mara nyingi, nikiufuta kwa kitambaa na kuanza upya, hadi ukanitazama. Ni kazi bora niliyopata kuifanya maishani, sioni aibu kusema.

Krismasi nakuja kuupigilia na kugonga mizinga. Na nimefikiria mbele pia. Tone yuko tayari kupangishwa banda zima kuanzia mwakani. Mimi nitabaki mwenye nyumba kwa jina, yeye atafanya kazi, na wewe hatimaye utapumzika. Umechoka, Jerneja, inaonekana hata kwenye mwandiko. Ukitaka, huku zipo kazi za kufagia ofisi, wanalipa kila mwezi bila matatizo.

Usiupigilie kabla sijafika. Uweke tu mahali pakavu.

Kaka yako akupendaye,
Lovro


Podlipje, 2 Novemba 1971, Siku ya Marehemu Wote

Kaka Lovro,

Amani iwe kwako na kwa waliomo nyumbani mwako. Huku kumeanza baridi, kilima kizima cha makaburi jana kiliwaka mishumaa hadi mtu anaweza kuhesabu majina. Tufaha zilikuwa nyingi, nyingine tumewapa nguruwe. Tone amepatwa na kikohozi, anasema ni mwaka wake wa mwisho, kama asemavyo kila mwaka. Nimemwuliza kuhusu kupangishwa banda. Kwanza alikana, kisha akaona haya, kisha akasema, "Sasa mwanangu, kaka yako ndiye mwanamume." Tangu hapo hajala jozi zangu.

Ubao umefika salama. Umeufunga vizuri. Nitakusifu bila hila, maana umefanya kazi. Ule mguu unakanyaga, lile tumbo lina uzito, na ule mdomo wa chini, sijui umeupataje. Lakini uliazimia kuchora mnyama wako, na huyu si wewe. Ni Baba. Kwa hiyo nimempelekea mwenyewe. Jana niliusimamisha kaburini katikati ya maua na mishumaa. Watu walipita, wakasimama, wakaanza kucheka huku wanajipangusa macho. Mama mmoja alisema, "Ndiye mwenyewe, bado kijiko tu." Tone alivua kofia. Nakuambia kwa sababu ulitaka avue.

Umeuliza kama niliwaambia nyuki kitu. Niliwaambia.

Ilikuwa siku ile ile niliyokuandikia Julai, nilipotoka posta. Mizinga mitatu ilikuwa imeshanyamaza na wa tano ulikuwa unanuka siki. Nilitoa ufunguo msumarini. Nikasimama mbele ya mzinga wa kwanza nikijua kwamba Baba alisema nikusubiri, na wewe hutaki kuja na hutaki kuniachia. Na nyuki hawapokei maneno ya katikati. Lazima waambiwe nani amekwenda na nani amebaki. Mimi siwezi kuwa mwenye nyumba hii maadamu kaka yangu yu hai na hajaniachia. Hiyo ndiyo sheria, hukuitunga wewe wala mimi.

Basi nikagonga. Nikasema, "Baba yenu amefariki." Nikagonga tena. Nikasema, "Na Lovro, mwanawe, amefariki. Mwenye nyumba ni Jerneja." Nikaenda mzinga kwa mzinga, nikarudia vile vile, hata kwenye ile iliyokuwa mitupu, kwa heshima. Sikukutukana, Kaka. Nilitumia neno la watu na la nyuki. Lile la mbuzi sikulitumia.

Bumba lilitoka kabla mwezi haujaisha. Hayo Tone amekusimulia.

Ubao wa mzinga wa kwanza nimeuchora mwenyewe. Nilihofia madume matupu, lakini nimewafungua juzi na wamejaa wafanyakazi. Nimechora mazishi ya mwindaji, kama yalivyo kwenye ule ubao wa zamani wa Babu ulioliwa na mchwa: wanyama wanamzika aliyekuwa akiwawinda. Sungura wanabeba jeneza, mbweha anapiga kengele, kulungu analia kwenye kitambaa. Mbele yao anatangulia dubu na msalaba begani. Dubu huyo ni wako. Sikumtoa kwenye michoro uliyoisifia. Nimemtoa kwenye ile karatasi mbovu uliyofungia rasimu ya Juni. Pale ulimchora kwa haraka akiwa amekupa mgongo, anarudi pangoni. Mistari saba tu, na hakuna hata mmoja wa kufutwa. Ule wa kutupa kichwa haumo. Nimekaa na karatasi hiyo nikaelewa kwamba hao wengine wote ulikuwa unawatafuta, lakini dubu anayekwenda zake ulikuwa unamjua tayari.

Juu ya jeneza nimemlaza mtu mwenye sanduku la safari. Uso sikumchorea. Ningeuchoraje? Miaka kumi na moja sijauona.

Sasa nakuomba, na ni ombi langu la mwisho, maana lile la mstari mmoja nimelifuta. Usije Krismasi. Si kwa hasira. Hasira ilikuwepo, imekwenda na kiangazi. Nyuki wameambiwa na wameamini, na wamefanya asali juu ya neno langu. Ukisimama hapo mbele ya banda na koti lako la Kijerumani, nitakuwa nimewadanganya, na wao hawasamehi uongo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ya karibu inaweza kuniulia mizinga iliyobaki. Wewe kaa huko uishi vizuri. Nitakuombea kila mwaka siku ya leo, pamoja na wengine.

Mzinga wa saba ulikuwa hauna ubao uliochorwa. Nimeuwekea yule dubu wa zambarau. Nimemnakili kama alivyo, miguu yake yote mitano na kicheko chake, ila zambarau ilinipa taabu, ilibidi nichemshe matunda ya msituni. Hukuniambia jina la mtoto, wala kama ni wa kiume au wa kike. Akikua akitaka kuona nyuki, mpandishe treni. Nitakuwa stesheni.

Juu yake nyuki sijawaambia kitu.

Jerneja